Inveta inaungurumisha feni? Zipange engo zake

Umeme ukikatika ukawasha inveta na feni ikaanza kunguruma, usiilaumu feni sheikh, inveta nyingi za bei chee zinatoa wimbi la mraba au linalokaribia mraba, na mraba kamili una uchafu wa hamoniki (mawimbi ya ziada yanayopanda juu ya lile kuu la 50 Hz, yenye kasi mara 3, mara 5 na kuendelea) kama 48% hivi, ndo maana mota inapata moto bure.

Mie naunganisha madaraja 3 ya H (daraja la H ni swichi 4 za kugeuza umeme wa betri huku na huku), kila moja na betri yake, napata wimbi la ngazi 7 za volti, linakaribia wimbi laini. Engo za kuwashia, yaani pale kwenye wimbi kila daraja linapowashwa, zinakuwa 3, zifuatane chini ya digrii 90: tunataka volti ikae sawa na hamoniki ya 3 na ya 5 zife, yaani 150 na 250 Hz.

Kuzitafuta kwa mkono utachoka, tumia PSO (particle swarm optimization, njia ya kompyuta ya kutafuta jibu kwa kundi), ipo tangu 1995. Fikiria ngalawa 30 bahari ya Nungwi, kila moja inakumbuka pale ilipovua vizuri na inamchungulia aliyejaza, basi zote zinasogea huko. Ngalawa ni seti ya engo, samaki ni hamoniki kupungua. Kosa la volti liwekee adhabu kubwa kwenye programu, yaani seti ya engo inayokosa volti ikatwe alama nyingi, mie nilisahau, programu ikaniletea wimbi safi la volti 140, feni ikawa yazunguka kivivu tu 😂

Ukizipata engo zitie kwenye maikrokontrola (chipu ndogo inayoendesha swichi), hamoniki za juu kuanzia ya 7 waachie koili na kapasita wazichuje.