Vifuniko 4,000 bila ndoo: namna ya kuuza mzigo uliokwama

Kiwanda kimoja cha Industrial Area, Nairobi, kilibaki na vifuniko 4,000 vya ndoo za rangi baada ya mteja wao kubadilisha saizi. Nilivinunua kabla sijajua nitavifanyia nini. Nyinyi msianze hivyo.

Hatua ya 1: Jua bei ya kilo. Pima kimoja, kisha waulize wanunuzi wa plastiki kuukuu, Kariobangi na Dandora wamejaa. Bei yao ndiyo sakafu yako. Ukinunua juu yake sana, unacheza pata potea, na kodi ya stoo haisubiri.

Hatua ya 2: Kivue kitu jina lake. Hapa ndipo penye kazi. Ukiendelea kuviita vifuniko, utatafuta ndoo mpaka uchoke. Mimi nilizitafuta soko la Gikomba wiki mbili. Jioni moja kimoja kilikuwa mezani kimelala chali, mtoto akapindua kikombe, chai yote ikaingia humo. Halikutoka hata tone. Nikachukua karatasi: duara, sentimita 30 hivi, kina ukingo, hakipitishi maji, kikianguka hakivunjiki. Sasa isome orodha hiyo kana kwamba hujawahi kukiona. Nani anakosa kitu kama hicho?

Hatua ya 3: Tembea na kumi mkononi. Wapanda maua wa maghorofani hawaishi kugombana na jirani wa chini, maji ya vyungu yakichuruzikia nguo alizoanika. Basi nikaenda kwa wauza miche wa kando ya Barabara ya Ngong. Usihubiri. Mpe mtu akishike, uangalie anakiweka wapi. Mama mmoja alikisukuma chini ya chungu kabla sijamaliza kumsalimia, akauliza, "Unavyo vingapi?"

Hatua ya 4: Uza kidogo kwa pesa taslimu kwanza. Mkopo baadaye.

Maswali ya wanachama

*Kaka, naweza kuwauzia wenye vibanda waandalie chakula?*
Hapana. Plastiki ya ndoo za rangi haikukusudiwa chakula, hata ikiwa mpya.

*Nimepata mifuko yenye nembo ya kampuni, iliyochapwa vibaya. Niiuze?*
Usiiguse bila barua ya mwenye nembo, au geuza ndani nje uitumie kwa kazi nyingine kabisa. Sheria ya bidhaa ghushi ipo Kenya tangu 2008. Risiti ya kiwanda itunze pia.

*Na wateja wakikuruka, waende kiwandani wenyewe?*
Wataenda. Mzigo wa pili muuza miche mmoja aliniwahi. Siku hizi nachukua mzigo wote kwa arbuni, na chanzo sikitaji. Yule muuza miche bado tunasalimiana, ila sasa ananiuliza nimebeba nini kwenye gunia, nami namwambia ni viazi.