Kumbukumbu Inapokosekana Linux Ikiwa Bado Inaamka

Mashine ikiwa ndiyo kwanza inawaka, hakuna programu za kuzima ili kupata nafasi, wala swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya kukimbilia. Ukiomba kumbukumbu ukakosa, umekosa. Kwa hiyo kabla hujaandika ukaguzi wowote, amua jambo moja: kerneli (kiini cha Linux) inaweza kuishi bila kitu unachokiombea kumbukumbu? Isipoweza, isimamishe papo hapo kwa `panic()`. Ikiweza, rudisha `-ENOMEM` (kosa la kukosa kumbukumbu) uiache iendelee.

Kabla ya kmalloc

Mwanzoni kabisa, kabla `kmalloc()` (mgawaji wa kawaida wa kerneli) haijawa tayari, anayegawa kumbukumbu ni memblock. Hadi kabla ya toleo la 5.1, la mwaka 2019, `memblock_alloc()` ilisimamisha kerneli yenyewe ilipokosa nafasi. Siku hizi inarudisha NULL (pointa tupu), na kukagua ni kazi yako. Jihadhari na kodi iliyonakiliwa kutoka kwenye draiva za zamani.

```
tbl = memblock_alloc(size, SMP_CACHE_BYTES);
if (!tbl)
    panic("%s: baiti %zu hazikupatikana\n", __func__, size);
```

Taja ukubwa ulioombwa. Mara nyingi tatizo si uhaba wa RAM, ni hesabu iliyotoa namba ya ajabu, na ukiiona utaijua.

Mtego mbaya zaidi ni `memblock_phys_alloc()`. Hii hurudisha anwani halisi ya RAM, na ikishindwa hurudisha 0. Ukipitisha hiyo 0 kwenye `__va()` (inayogeuza anwani halisi kuwa pointa) kabla ya kuikagua, unapata pointa inayoonekana nzima kabisa, isiyo NULL, inayoelekea anwani halisi 0, ambayo kwenye x86 ni mwanzo wa RAM. Utaandika juu ya data ya mwingine na mashine itaanguka baadaye, mahali pasipohusika. Kagua 0 kwanza, `__va()` baadaye.

Skrini ikibaki nyeusi, huenda ujumbe wa `panic()` umetoka kabla konsoli haijawa tayari. Kwenye x86 ongeza `earlyprintk=serial,ttyS0,115200` kwenye mstari wa amri wa kerneli, pamoja na `memblock=debug` uone nani aliomba nini.

Ndani ya initcall (funksheni ambayo kerneli huiita kuanzisha draiva)

```
static int __init mita_init(void)
{
    buf = kzalloc(BUF_SZ, GFP_KERNEL);
    if (!buf)
        return -ENOMEM;
    wq = alloc_workqueue("mita", 0, 0);
    if (!wq)
        goto toa_buf;
    return 0;
toa_buf:
    kfree(buf);
    buf = NULL;
    return -ENOMEM;
}
```

Achilia vitu kinyume cha mpangilio ulivyovichukua. Usiongeze `pr_err` ya kulalamikia kumbukumbu: kerneli hutoa onyo lake lenye orodha ya miito, isipokuwa umeweka `__GFP_NOWARN`. Angalia pia kila funksheni inashindwa vipi. `alloc_workqueue()` hurudisha NULL, lakini `platform_device_register_simple()` hurudisha kosa lililofichwa ndani ya pointa, linalokaguliwa kwa `IS_ERR()`; `if (!pdev)` haitalinasa kamwe.

Ule mstari wa `buf = NULL` si pambo. Moduli (draiva inayopakiwa kwa `insmod`) ikishindwa, huondolewa. Draiva iliyojengwa ndani ya kerneli haiondoki: initcall ikirudisha -12 (yaani `-ENOMEM`), kerneli hupita kimya na funksheni zako nyingine bado zinaitika. Zile unazozitoa kwa wengine lazima ziangalie kama `buf` ipo. Kuwaona walioshindwa, washa mashine ukiwa na `initcall_debug` kwenye mstari wa amri wa kerneli, utafute `returned -12` kwenye dmesg (orodha ya ujumbe wa kerneli).

Kujaribu

QEMU (kiigizo cha kompyuta) yenye `-m` ndogo, yaani RAM kidogo, hukuonyesha ombi moja tu linaloanguka, si lazima liwe lako. Kwa moduli, jenga kerneli yenye `CONFIG_FAILSLAB` na `CONFIG_FAULT_INJECTION_DEBUG_FS`, zinazokuwezesha kufanya maombi ya kumbukumbu yashindwe makusudi, kisha:

```
cd /sys/kernel/debug/failslab
echo N > ignore-gfp-wait
echo Y > task-filter
echo 20 > probability
echo -1 > times
bash -c 'echo 1 > /proc/self/make-it-fail; exec insmod /root/mita.ko'
```

Ukisahau `ignore-gfp-wait`, maombi ya `GFP_KERNEL` hayaguswi na utadhani kodi yako ni imara. Rudia insmod mara kadhaa, ukiondoa moduli kila inapofaulu. Kwa kilichojengwa ndani, njia ya mkono ndiyo ya hakika: weka NULL baada ya ombi moja, jenga, washa, kisha hamia ombi linalofuata.