Vidukari kwenye mrehani wa ndani: waachie wadudu rafiki

Mrehani wa kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya Lamu hushikwa na vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, chini ya majani machanga. Anza na sisimizi, maana hunywa utamu wa vidukari na kuwafukuza adui zao. Simamisha chungu cha mrehani juu ya kopo ndani ya sahani ya maji, sisimizi wasipande. Badilisha maji kila siku 2, yasizae mbu.

Kisha tafuta kwenye kunde zisizopuliziwa dawa mabuu weusi wenye madoa ya chungwa wanaokula vidukari, watoto wa wale wadudu wekundu wa duara wenye madoa meusi. Hao hawana mabawa, hawatoroki. Wakubwa hurukia dirishani. Weka 5 kwa kila mche, jioni. Umepuliza dawa ya mbu karibuni? Subiri, masalia yake yatawaua.