Kupiga picha vitu vilivyochakaa mashambani baada ya msimu kupita

Rangi inayobanduka, mbao zilizopasuka na kutu iliyotuna havionekani vizuri jua likiwa mgongoni mwa mpigapicha. Mwanga wa namna hiyo hufuta vivuli vidogo, na vivuli hivyo ndivyo vinavyoonyesha uchakavu. Tafuta jua linalouparuza uso wa kitu kutoka ubavuni. Kwa plau au mkokoteni uliolala majanini, saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ya mwisho kabla ya kuzama hufaa. Ukuta una hesabu yake: unaotazama mashariki hupigwa na jua uso kwa uso asubuhi, kwa hiyo ungojee karibu na adhuhuri, jua linapoupitia juujuu kabla ya kuuhama.

Kutu ni habari nyingine. Hupendeza zaidi chini ya mawingu, hasa baada ya mvua, kwa sababu ikilowa hukoza rangi. Usiiachie kamera ijichagulie mizani ya weupe, yaani namna inavyosawazisha rangi kulingana na mwanga: ikiona wekundu mwingi hudhani ni mwanga uliopotoka, inaupoza, na kutu inafifia. Weka alama ya jua, au kelvini 5,500 hivi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Kichujio cha polaraizi, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, huondoa mng'ao kwenye majani na mbao zilizolowa, ila kwenye chuma kitupu hakisaidii, na hula stopu 1 hadi 2 za mwanga (kupunguza stopu 1 ni kubakiza nusu ya mwanga, kuongeza stopu 1 ni kuuzidisha mara mbili).

Kwa kitu kisichotikisika, tumia tripodi (stendi ya miguu mitatu), ISO 100 (kipimo cha kamera kuhisi mwanga), f/8 au f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikikua, tundu hupungua) na kipima muda cha sekunde 2. Kupita f/16 picha huanza kulegea ukali. Sanamu la kutishia ndege halikai hivyo. Matambara yake hupepea. Hapo kasi ya shata iwe angalau 1/250 ya sekunde, na ISO ipande inavyotaka. Ukipiga magoti ili kichwa chake kisimame mbele ya anga, ongeza mwanga kwa stopu 1, la sivyo utapata kivuli cheusi kisicho na uso.

Kosa linaloua picha nyingi za aina hii ni kukaribia mno. Sanamu lililojaza fremu linaweza kuwa la wakati wowote. Mabua yaliyokatwa na ardhi tupu ndivyo vinavyosema kwamba hakuna tena cha kulinda. Rudi nyuma, acha shamba lichukue nusu ya picha au zaidi. Picha za karibu ziwe za nyongeza: bawaba, fundo la kamba, msumari uliotoa machozi ya kutu. Hizo zipige kamera ikiwa sambamba na uso wa kitu, la sivyo upande mmoja utakuwa na ukungu.

Wenye simu: bonyeza na kushikilia kioo mpaka fokasi ijifunge, kisha punguza mwanga kidogo. Lenzi pana ikiwa karibu sana huvimbisha vitu. Sogea nyuma mita 2, tumia lenzi ya 2x kama ipo.

Kilichotelekezwa bado kina mwenyewe, basi omba ruhusa. Vaa viatu vya soli nene kwa ajili ya misumari, na kabla ya kuinama gonga kwa fimbo: chini ya mabati hujificha nyoka, na nyigu hupenda pembe kavu. Usisafishe chochote. Utando wa buibui ukitolewa na majani yaking'olewa, kitu huonekana kama kimewekwa hapo jana.