Mbinu ya Alexander: namna ya kuunganisha kitabu na masomo

Mbinu ya Alexander ni njia ya kujifunza kuacha mkazo usio wa lazima mwilini unapokaa, unaposimama na unapotembea. Wengi huanza kuisoma kitabuni, na hakuna ubaya. Shida ni kwamba kitabu kikisema "acha shingo iwe huru", msomaji huchukua hatua papo hapo: hunyoosha shingo, huvuta kidevu, hutunisha kifua, akasimama kama askari wa gwaride. Ameongeza mkazo juu ya mkazo, na kitabu hakimwoni. Mpangilio ninaowapa wanafunzi wangu ni huu.

1. Soma sura moja tu

Anza na sura ya kwanza ya *The Use of the Self* (1932). Mwandishi wake, F. M. Alexander, aliyeanzisha mbinu hii, alizaliwa Tasmania, Australia, mwaka 1869, naye alikuwa akighani mashairi jukwaani hadi sauti ikaanza kumkauka. Akijitazama kwenye kioo, aliona kila anapoanza kughani huvuta kichwa nyuma, hukandamiza koromeo na kuvuta pumzi kwa mdomo kwa kelele. Akaamua kupeleka kichwa mbele na juu, akahisi kabisa kwamba amefanya hivyo. Kioo kikamwonyesha bado anakivuta nyuma! Hapo soma mara mbili, maana ndiyo sababu utahitaji mwalimu: mwili uliozoea kujikaza huona mkazo ndiyo hali ya kawaida. Vitabu vyake vingine viache kwanza. Sentensi zake zinachosha.

2. Lala chini kila siku

Lala chali sakafuni, si kitandani. Kunja magoti, nyayo zikanyage chini, mikono iwe juu ya tumbo. Chini ya kisogo weka vitabu vyembamba (hapa kitabu chochote kinafaa). Uso ukiinamia nyuma na kidevu kikaelekea dari, ongeza kitabu. Koo likibanwa, punguza. Kaa dakika 10 hadi 20, macho wazi. Usinyooshe chochote. Jiambie tu: shingo ilegee, kichwa kiende mbele na juu, mgongo urefuke na upanuke. Ukimaliza, geukia ubavu kwanza ndipo uinuke.

3. Jichunguze kwenye kiti

Weka kioo ubavuni, kaa, kisha amua kusimama. Usisimame bado. Tazama kilichotokea shingoni mara tu wazo lilipokujia: kwa wengi kisogo kinashuka kuelekea mabegani kabla makalio hayajaachana na kiti. Kataa kusimama, legeza, amua upya. Kusita huko ndiyo kazi yenyewe, na kusimama kunaweza kusubiri. Kumbuka pia kwamba kichwa hukaa juu ya uti wa mgongo usawa wa masikio, juu zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

4. Tafuta mwalimu

Muulize alisomea wapi na kwa muda gani. Mafunzo yanayotambuliwa na vyama vikubwa vya walimu huchukua miaka 3, takribani saa 1,600. Cheti cha wikiendi hakitoshi. Somo ni la mtu mmoja mmoja, dakika 30 hadi 45, ukiwa umevaa nguo zako za kawaida. Mwalimu atakugusa shingo, mgongo na mabega unapokaa, unaposimama na unapotembea. Si masaji. Wewe usimsaidie, ukihisi mkono wake unaelekeza kichwa, acha kiende.

Hapa wanafunzi hodari ndio hukwama. Wanatoka darasani wepesi, halafu wiki nzima wanajaribu kuirudisha ile hali kwa nguvu. Iache ipite. Rudia kusita na yale maelekezo unayojiambia ukiwa umelala, basi.

Kuhusu idadi ya masomo: utafiti wa Uingereza uliochapishwa na jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2008, kwa watu wenye maumivu sugu ya mgongo, ulionyesha masomo 24 yalisaidia zaidi kuliko 6, ingawa 6 pamoja na mazoezi yalikaribia. Ukihisi ganzi au udhaifu miguuni, muone daktari kabla ya kulipia somo lolote.

5. Rudi kwenye kitabu

Baada ya masomo machache, fungua ile sura tena, kiti kikiwa karibu. Soma aya, simama, kaa, soma tena. Palipo na sentensi usiyoweza kuifanya kwa mwili, piga mstari, nenda nayo kwenye somo linalofuata. Mwalimu mzuri hataieleza kwa maneno mengi, atakuambia ukae.