Jinsi ya kupanga mtandao wa kompyuta: nyota, mti, pete na wavu

Kabla ya kununua hata mita moja ya waya, chora jengo kwenye karatasi. Tia alama kila mahali patakapokaa kompyuta, printa, kamera au kifaa cha kurusha Wi-Fi, kisha onyesha ruta, kifaa kinachouunganisha mtandao wako na intaneti, itakaa wapi na umeme wa uhakika uko wapi. Mchoro huo ndio utakaoamua mpangilio. Kwa sehemu nyingi jibu ni nyota: kila kifaa na waya wake hadi kwenye swichi, yaani kisanduku cha matundu kinachounganisha nyaya zote, iliyo katikati. Jengo likiwa kubwa, nyota kadhaa huunganishwa zikawa mti. Na pale ambapo kukatika kwa waya mmoja kutasimamisha kazi ya watu wengi, pale tu, unaongeza njia ya pili.

Mipangilio ya zamani inafaa kuijua kwa sababu makosa yake bado yanarudiwa. Katika mpangilio wa mstari, kompyuta zote zilining'inia kwenye kebo moja ya koaksia. Aina nyembamba, 10BASE2, iliruhusu mita 185 kwa kipande kimoja, vifaa visivyozidi 30, na kila mwisho wa kebo ulihitaji kizibo cha omu 50. Kizibo kimoja kikilegea, mawimbi yaligonga mwisho wa kebo na kurudi, yakavuruga mawasiliano ya wote, hata ya kompyuta mbili zilizokaa jirani. Siku hizi hakuna anayetandaza kebo hiyo, lakini udhaifu uleule huzaliwa upya mtu anapounga swichi ya pili kwenye ya kwanza, ya tatu kwenye ya pili, ya nne kwenye ya tatu. Ya pili ikizimwa, zote zilizo nyuma yake hupotea. Usiunge swichi kwa mnyororo ikiwa unaweza kurudisha kila moja kwenye swichi kuu.

Sasa tujenge nyota. Anza kwa kuhesabu matundu. Tuseme ghorofa ya chini ina kompyuta 14, printa 1, kifaa cha Wi-Fi 1, seva 1 na ruta 1, na utahitaji matundu 2 ya kwenda ghorofa ya juu. Jumla ni 20. Swichi ya matundu 24 inatosha na inabakiza 4. Ukiona hesabu imefika 23, chukua swichi kubwa zaidi, maana tundu huharibika na watu huongezeka. Kama Wi-Fi, kamera au simu za mezani zitapata umeme kupitia waya wa mtandao, hakikisha swichi ina PoE, yaani uwezo huo wa kutoa umeme, na ujumlishe wati. Swichi hutoa hadi wati 15.4 kwa tundu kwa kiwango cha 802.3af na wati 30 kwa 802.3at, lakini jumla ambayo swichi nzima inaweza kutoa mara nyingi ni ndogo kuliko matundu yote yakivuta kwa pamoja. Ikizidiwa, utaona kamera za mwisho zinazimika na kuwaka ovyo.

Waya wa shaba kutoka swichi hadi kifaa usizidi mita 100: mita 90 za ukutani, na 10 zigawiwe nyaya fupi za pande mbili. Pima njia ambayo waya utapita kweli, ukipanda ukuta na kuzunguka kona, si umbali wa macho. Waya wa daraja la Cat 5e unabeba gigabiti 1 kwa sekunde kwa urefu huo wote. Cat 6 inabeba gigabiti 10 lakini kwa mita 55 au pungufu. Jihadhari na waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba. Ni mwepesi na rahisi kwa bei, ila hukatika ukikunjwa na hupata moto ukibeba PoE.

Kubana plagi za RJ45, zile za ncha za waya wa mtandao, ndipo kazi nyingi huharibika. Kwa mpangilio wa rangi uitwao T568B, ukiwa umeshika plagi kikonyo chake (kibanio cha plastiki) kikitazama chini na mdomo wa kuingizia waya ukiwa upande wako, rangi huenda hivi kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue jozi za nyuzi zilizosokotwa zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya plagi ili libanwe pamoja. Kosa linalosumbua zaidi ni la mtu anayepanga rangi kwa jozi zilivyo, pande zote mbili sawasawa. Kipima waya cha taa kitawaka 1 hadi 8 bila kasoro, lakini uzi wa 3 na wa 6 hazitakuwa jozi moja iliyosokotana, na mtandao utakuwa wa kusuasua. Dalili nyingine ya kuangalia ni kasi ya kiungo: gigabiti 1 inahitaji jozi zote 4, kwa hiyo kompyuta ikionyesha megabiti 100 badala ya 1000, kagua plagi kwanza kabla ya kulaumu swichi.

Ghorofa ya juu ipewe swichi yake, na swichi hiyo iunganishwe moja kwa moja na swichi kuu. Huo ndio mti. Shina lake, yaani kiungo kati ya swichi hizo, ndilo la kuangaliwa: kompyuta 12 zikinakili mafaili kutoka kwenye seva kwa wakati mmoja kupitia shina la gigabiti 1, kila moja hupata kama megabiti 83 tu kwa sekunde. Tumia tundu za gigabiti 10 kama swichi zinazo, au funga viungo viwili kuwa kimoja kwa LACP, kanuni ya swichi ya kuunganisha viungo. Kati ya majengo mawili pitisha faiba (waya wa kioo unaobeba mwanga) hata kama mita hazifiki 100, kwa sababu shaba huleta radi na tofauti za umeme wa ardhini hadi kwenye vifaa.

Njia ya pili ina hatari yake, na lazima uielewe kabla ya kuchomeka. Fremu za Etheneti, vifurushi vya data vinavyopita kwenye nyaya hizi, hazina kikomo cha safari. Swichi mbili zikiunganishwa kwa nyaya mbili bila ulinzi, tangazo moja, yaani fremu inayotumwa kwa vifaa vyote, huzunguka na kuzaliana hadi linajaza mtandao mzima. Taa zote za swichi humetameta kwa pamoja bila kupumzika na hakuna kinachofunguka. Mara nyingi chanzo ni mtu aliyekuta waya unaning'inia mezani, akachomeka ncha zote mbili ukutani. Tiba ya haraka: chomoa mashina moja moja kwenye swichi kuu, na taa zikitulia, tafuta kosa upande huo.

Kinga ni STP, kanuni ya swichi ya kuzuia mizunguko, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985: swichi huchagua mkuu, kisha huziba njia za ziada hadi zitakapohitajika. Swichi za bei ya chini zisizo na mipangilio kwa kawaida hazina STP, basi usizitegemee hapa. Washa RSTP, toleo lake la kasi, inayopona kwa sekunde chache au chini ya hapo. STP ya zamani huchukua sekunde 30 hadi 50. Ipe swichi kuu kipaumbele cha 4096, maana namba ndogo ndiyo hushinda. Ukiziacha zote kwenye 32768, itashinda yenye anwani ndogo ya MAC (namba ya kiwandani ya kifaa), ambayo huenda ikawa ile kuukuu ya stoo. Matundu ya kompyuta yaweke kuwa ya ukingoni, yaani yaanze kazi bila kungoja STP, la sivyo kompyuta inaweza kusubiri hadi ikakosa anwani ya IP.

Pete hufaa kwa faiba inayozunguka majengo au viwanda: ikikatwa sehemu moja, data hupita upande wa pili. Wavu kamili, kila kifaa kikiunganishwa na kila kingine, hudai viungo n(n−1)/2, n ikiwa idadi ya vifaa: ruta 5 zinahitaji 10, ruta 10 zinahitaji 45. Ndiyo maana huishia kwenye ruta chache za katikati. Wavu wa Wi-Fi ni rahisi kufunga, lakini kifaa chenye redio moja hupoteza karibu nusu ya kasi kila kinaporudisha mawimbi. Kikiwa na tundu la waya, kiunge kwa waya.

Malizia kwa jaribio. Acha kompyuta ya juu ikiipigia seva ping (ujumbe mdogo unaosubiri jibu) mfululizo, chomoa shina moja, hesabu majibu yaliyokosekana, lirudishe, kisha chomoa la pili. Ping ikikata zaidi ya sekunde chache, angalia kama swichi zote mbili zinaendesha RSTP au mojawapo imerudi kwenye STP ya zamani. Andika namba kwenye ncha zote mbili za kila waya, na namba hizohizo kwenye mchoro.