Namna ya kusoma takwimu za ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda

Kwenye ramani ya dunia ya uvimbe sugu wa utumbo, yaani Crohn na kolaitisi ya vidonda kwa pamoja, Norwei, Ujerumani na Kanada zina wagonjwa wengi, ilhali sehemu kubwa ya Afrika haina namba yoyote. Kabla hujaandika kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri, zihoji namba hizo.

Tenganisha kwanza magonjwa mawili. Crohn huweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa; kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana. Sigara huongeza hatari ya Crohn, lakini wanaovuta hupata kolaitisi kwa uchache kuliko wasiovuta. Jedwali linaloyajumlisha huficha tofauti hiyo.

Kisha angalia kama namba ni ya wagonjwa wapya kwa mwaka au ya wote waliopo. Ugonjwa huanza ujanani, hauponi na mara chache huua. Nchi yenye wagonjwa wapya 10 kwa kila watu 100,000 kila mwaka, ambao huishi nao miaka 40, hatimaye itakuwa na takriban 400 kwa kila 100,000. Ndiyo maana katika nchi nyingi za Magharibi jumla inapanda ingawa wapya hawaongezeki tena. Brazili na Taiwani wapya wenyewe ndio wanaoongezeka, kadiri viwanda na miji inavyokua.

Swali zito kuliko yote ni hili: nani alipimwa, na kwa kifaa gani? Utambuzi unahitaji kamera ya utumbo mpana, vinyama vilivyokatwa sehemu kadhaa, na mtaalamu wa kuvisoma kwa hadubini. Hospitali yenye kamera ikiwa mji mkuu tu, takwimu zitaonyesha wagonjwa wa mjini wenye nauli na bima. Kwa hiyo andika idadi ya vipimo vya kamera vilivyofanyika kando ya idadi ya wagonjwa. Vyote viwili vikipanda kwa kasi ileile, huenda kilichoongezeka ni upimaji.

Makosa huenda pia upande wa pili: wenye magonjwa mengine huhesabiwa kuwa na Crohn au kolaitisi. Kifua kikuu cha utumbo hushambulia mwisho wa utumbo mwembamba, palepale Crohn inapopenda. Vidonda vya kifua kikuu mara nyingi hukatiza utumbo kwa upana, vya Crohn hufuata urefu wake, lakini sura peke yake haitoshi. Kuhara damu kwa amiba, bakteria wa shigela au kichocho hufanana na kolaitisi. Kalprotektini, protini inayopimwa kwenye kinyesi, huonyesha kuna uvimbe, haisemi umeletwa na nini. Tafuta kwenye ripoti kama maambukizi haya yalipimwa kwanza na kuonekana hayapo; isipotaja, usiitegemee. Kwa mgonjwa hatari ni kubwa zaidi: prednisoloni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga ya mwili, ikitolewa kwa mwenye amiba au kifua kikuu, utumbo unaweza kutoboka.

Linganisha viwango vilivyorekebishwa kwa umri, yaani vilivyokokotolewa kana kwamba nchi zote zina mgawanyo uleule wa umri. Takriban nusu ya Watanzania ni watoto. Ujerumani ni nchi ya watu wazima.

Wahamiaji ni ushahidi mzuri kwa sababu asili ni ileile na mazingira yamebadilika. Katika miaka ya 1980 huko Leicester, Uingereza, Waasia wenye asili ya Bara Hindi walipata kolaitisi ya vidonda zaidi kuliko wenyeji Wazungu. Wengi wa jamii hiyo walitoka Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Uliza kila mara umri waliohamia, na watoto waliozaliwa huko wana hali gani.

Kuhusu kipato, usitumie mshahara wa leo. Ugonjwa humtoa kijana shuleni na kazini, hivyo umaskini unaweza kuwa matokeo yake. Tumia elimu ya wazazi, au nyumba aliyokulia. Na usichanganye hatari ya kuugua na hatari ya kuugua vibaya: infliksimabu, dawa ya kuzuia uvimbe, huanza kwa dripu wiki ya 0, 2 na 6, kisha kila wiki 8, na asiyeweza kuigharimia huweza kubaki kwenye steroidi miezi mingi au kufika kwenye upasuaji. Kwa hiyo weka safu mbili katika jedwali lako, moja ya wagonjwa, nyingine ya waliopasuliwa, ukizigawa kwa kipato.